Mikono Miwili ya Kushoto

Ukitaka kugombana na shangazi yangu, mwambie nguo "itavalika hivyo hivyo". Mimi nilimwambia mara moja tu, nikiwa mbioni kwenda harusini, gauni likinibana kidogo ubavuni. Akanivua! Haki ya nani, mtu mzima mimi, alinivua gauni mwilini, akashika wembe, akafumua mshono wote kutoka kwapani hadi kiunoni. Nilifika harusini watu wanaosha masufuria. Ndiyo maana nyumba nzima tunamwita Fumua, na kama unadhani jina hilo linamuudhi, pole yako.

Jina alipewa na babu, yaani baba yake mzazi, shangazi akiwa na miaka kumi na mmoja. Babu alikuwa fundi rangi, kazi yake dari na kuta ndefu, mkono juu kutwa nzima. Shangazi akajifungia na cherehani ya mama yake, akamshonea shati la kazi la kaki. Shati la kwanza maishani mwake. Babu akalivaa, akajigeuza mbele ya kioo, akasema, "Hili ndilo shati!" Kesho yake akaenda nalo kazini, na keshokutwa, na wiki ikaisha.

Sasa sikiliza. Mkono wa shati una mbele na nyuma yake. Mbele hukatwa kwa kuingia ndani zaidi, ili mtu akinyanyua mkono nguo isimvute. Shangazi, mtoto yule, aliweka pateni, ile karatasi ya kukatia, juu ya kitambaa, akakata, akaiweka vile vile bila kuigeuza, akakata tena. Akapata mikono miwili ya kushoto. Ule wa pili akaulazimisha kuingia bega la kulia, ukaingia, kwa sababu kitambaa hakina mdomo wa kukataa.

Jioni moja alikuwa anampelekea babu maji ya kuoga. Mlango ulikuwa wazi kidogo. Akamwona babu yuko kifua wazi, mkono wa kulia ameuweka kichwani, anajipaka mafuta kwapani huku ameuma meno. Kwapa lote lilikuwa limechubuka, jekundu. Shangazi akaweka ndoo chini polepole, akarudi jikoni. Asubuhi babu akalivaa shati lile lile, akatoka anapiga mluzi.

Hapo ndipo roho ilipomuuma kwelikweli. Aliniambia angechapwa fimbo angepona siku hiyo hiyo. Siku shati lilipofuliwa, alilichukua kambani likiwa bado bichi, akalifumua lote, vipande vikaishia kufutia brashi za rangi. Babu kuuliza shati lake liko wapi, akajibiwa, "Nimelifumua." Babu akacheka mpaka akakaa chini. "Basi wewe ni Fumua!" Hakuuliza kwa nini, na yeye hakusema.

Ruka miaka thelathini na minane. Shangazi anashona hospitalini, chumba cha nyuma karibu na dobi. Shuka, mapazia, magauni ya wagonjwa, miaka kumi na saba bila kukosa. Halafu ukaja uongozi mpya na barua yake: fundi asiye na cheti cha mtihani wa ufundi, mwisho wa mwezi akabidhi funguo. Shangazi hana mume, na dawa za babu zinatoka kwenye mshahara ule. Tukamwonea huruma, tukaanza maneno ya kumfariji. Akatukatiza. "Mnanililia nini? Nimekufa? Nipisheni nikafanye mtihani."

Ukumbini walikuwa watahiniwa ishirini, karibu wote wa umri wa kuwazaa. Kila mmoja akapewa kitambaa kilichopimwa, hakuna cha kuongeza, na saa tano za kushona shati moja la kiume la mikono mirefu. Shangazi akashika mkasi. Mkono ukaenda wenyewe, kama ulivyozoea.

Na mazoea ndiyo yaliyomponza. Kitambaa cha hospitali hakina ndani wala nje, pande zote sawa. Wao kule hukata mikono yote kwa kuweka pateni vile vile, kisha mmoja wanaugeuza tu, kazi inakwenda haraka. Cha mtihani kilikuwa na uso unaong'aa na mgongo uliofifia. Alipokuja kuunganisha mabega, zikiwa zimebaki saa mbili, akavitazama vile vipande mezani. Mikono miwili ya kushoto, mama wee! Mzee mzima, kosa la utotoni!

Kijana wa meza ya jirani, mshona suti, akaliona. Akamnong'oneza, "Mama, shona hivyo hivyo. Litatundikwa kwenye hanga, wataangalia kola na mishono. Nani atalivaa?"

Shangazi anasema hakuiona hanga. Aliliona kwapa la babu.

"Kuna mtu atalivaa," akamjibu, akachukua mkasi. Akakata upya kichwa cha mkono ule, akashuka vidole vinne ili upinde wa mbele uje upande wake. Mkono ukawa mfupi. Akaukata na mwenzake ulingane. Urefu uliopotea akaurudisha kwa kuunga pindo pana mwishoni mwa kila mkono, kutokana na mabaki aliyokuwa ameyaweka kwa ajili ya mfuko. Jasho linamtoka, saa inakwenda. Kengele ilipolia, shati halikuwa na mfuko, na matundu ya vifungo yalikuwa mawili kati ya saba.

Msimamizi, mzee mwembamba mwenye miwani, akalishika kwenye hanga. "Mama, vifungo viko wapi? Na mfuko?"

"Nilikosea mikono, Mwalimu. Nilikata ya upande mmoja. Muda wangu umeishia kuirekebisha."

"Mbona siyaoni hayo makosa?"

"Hata ningeyaacha usingeyaona hapo. Livae, kisha nyanyua mkono."

Msimamizi akavua koti, akalivaa shati, akanyanyua mkono wa kulia, akanyanyua wa kushoto, akajikuna mgongo. Akaandika. Halafu, na hapa shangazi hucheka hadi leo, akawaambia wengine wote wavae mashati waliyoshona na wanyanyue mikono. Ukasikika mshono mmoja ukipasuka, nao haukuwa wa mwingine ila wa mshona suti.

Alipata sitini na moja. Kufaulu kunaanzia hapo hapo! Alama moja, jamani, ndiyo iliyombakiza kwenye kile chumba cha karibu na dobi. Mfuko sifuri, vifungo alama tatu, mikono ishirini kati ya ishirini.

Shati alirudishiwa, akampelekea babu, ambaye sasa ana miaka themanini na ushee. Nilikuwepo. Babu akalivaa juu ya fulana, akaunyanyua mkono kuelekea dari, akaupeleka huku na huku kama mwenye brashi.

"Hili haliumi," akasema.

Shangazi akasimama wima. "Kwani lipi liliuma, Baba?"

"Lile la kaki. Lilinila kwapa lile, we acha tu. Sikutaka ujue, ungeacha kushona."

"Nilikuona, Baba. Ulikuwa unajipaka mafuta."

Babu akashusha mkono. Wakatazamana, watu wazima wawili waliofichana jambo moja miaka thelathini na minane.

"Kumbe ndiyo maana ulilifumua."

"Ndiyo maana."

Shangazi akajifuta macho kwa kanga, akaweka wembe na sindano mezani, akajitia ukali. "Haya, livue nimalizie vifungo."

"Sivui," babu akasema, akalikumbatia shati kifuani. "Litavalika hivyo hivyo."

Mimi nikaziba mdomo, nikangoja moto uwake. Shangazi akamtazama, akakaa kitandani kando yake, na wembe akauacha mezani.