Fundi Luqmani, balozi anayewavalisha wazee suruali

Ni Ijumaa, saa tano na nusu asubuhi, na kwenye kibanda cha fundi Luqmani pale Makorora, jijini Tanga, cherehani imenyamaza. Fundi amepiga goti moja sakafuni, pini tatu mdomoni, anapima pindo. Mbele yake amesimama Mzee Mwinyijuma Uweso, umri miaka 71, anajitazama kwenye kioo kama anayetazama picha ya ndugu aliyepotezana naye siku nyingi.

Mzee amevaa suruali. Ya kijivu, imepigwa pasi mpaka mstari umesimama. Ni suruali yake ya kwanza baada ya miaka ishirini na miwili.

"Inabana, ami?" anauliza fundi.

"Haibani. Ndiyo inanitia wasiwasi. Mie nimezoea kuvaa turubai."

Wanacheka wote wawili, na fundi inambidi ateme pini kwanza.

Kwa miaka hiyo yote, Mzee Mwinyijuma, mstaafu wa reli, alikuwa akiishi na busha. Ni ugonjwa unaotokana na minyoo midogo inayoenezwa na mbu, ndugu yake matende, na ukanda wa pwani unaujua vizuri. Upasuaji wake kwa kawaida si mkubwa na mgonjwa hurudi nyumbani mapema. Kilicho kikubwa ni aibu. Wanaume huuficha ndani ya kanzu pana, na kanzu pana haijishoni yenyewe. Wa kwanza kujua ni mke, wa pili ni fundi.

Luqmani, miaka 58, alirithi kibanda hiki kwa baba yake, pamoja na karatasi ya kaki ya kukatia kanzu ambayo haikuning'inizwa ukutani na nyingine. Ilikunjwa chini ya mto wa kiti. Ilikuwa ya wateja maalumu: mbele pana, marinda mawili ya siri, kitambaa kizito kisichosema kitu upepo ukivuma.

"Baba alinifundisha neno moja," anasimulia. "Namba ziandike daftarini, mengine mwachie mtu na mwili wake. Mie nimelishika neno hilo miaka thelathini, nikaja kulivunja siku moja tu."

Yeye mwenyewe alikuwa mteja wa karatasi ile. Miaka tisa alijikatia kanzu pana usiku, mkewe Zuwena akimshikia taa. Lililomshinda si maumivu bali pedeli. Busha lilikua hadi akawa hawezi kukaa sawasawa kwenye cherehani, na fundi asiyeweza kukanyaga pedeli hana tofauti na mpishi asiyeweza kuwasha moto. Miaka minne iliyopita, kambi ya upasuaji wa bure ilipowekwa, akaenda akapasuliwa. Siku chache baadaye alikuwa nyumbani akiuliza chai ina sukari au haina.

Alipopona, akajishonea suruali ya kaki na kupita nayo mtaa mzima. Watu wakauliza, akawajibu bila kificho. Habari zikamfikia nesi Leticia Mhina, mratibu wa mabalozi wa kujitolea katika mapambano dhidi ya magonjwa hayo. Muungano wa kimataifa uliokuwa ukidhamini mapambano hayo ulikuwa umechoka kuteua wanamuziki na wachezaji mpira peke yao. Safari hii ulitaka watu waliougua, na Luqmani akateuliwa.

"Mabalozi wengine picha zao zipo kwenye mabango," anasema Luqmani. "Yangu ipo kwenye kitambulisho, na humo nimefumba jicho moja."

Kazi haina mshahara. Walimpa kitambulisho, fulana, nauli na kipaza sauti cha mkononi. Na hicho kipaza sauti ndicho kilichomponza.

Ilikuwa mwaka juzi, Jumapili, siku ya uzinduzi wa kampeni, uwanja umejaa na wageni kutoka nje wameketi mbele. Mratibu alimwomba aseme maneno mawili. Luqmani akasema mengi. Makofi yakamlevya, na katikati ya hotuba akatamka hivi: "Hapa hapa Makorora ninao wateja kumi na saba wa kanzu pana, na wote ninawajua."

Hakutaja jina hata moja. Lakini uwanja mzima uligeuza shingo na watu wakaanza kutazamana kanzu.

Ijumaa iliyofuata, msikiti wa mtaani ulishuhudia kituko. Wanaume wazima wasio na ugonjwa wowote walikuja kuswali wamevaa suruali, wengine za kuazima kwa wajukuu, nusura zipasuke kwenye rukuu, ili tu wasihesabiwe katika wale kumi na saba. Zuwena akilisimulia hilo hushika mbavu mpaka leo.

Luqmani hacheki anapofika hapo. Wale kumi na saba wenyewe, wasioweza kuvaa suruali, hawakutoka nyumbani kabisa. "Watu walikosa Ijumaa kwa sababu ya mdomo wangu," anasema. "Lile liliniuma kuliko kisu cha daktari."

Kesho yake Mzee Mwinyijuma akaja kibandani. Hakusalimu wala hakusubiri shikamoo. Alichukua kitambaa chake kilichokuwa kinangoja kukatwa, akakikunja chini ya kwapa na kuondoka. Wengine wakafuata. Kanzu nne au tano alizokuwa akishona kwa wiki, ufundi Sh20,000 kila moja, zikakatika. Kwa wiki sita nyumba ilikula kwa maandazi ya Zuwena.

"Nilimwambia, baba Najat, wee ulipewa ubalozi, ukafanya utangazaji," anasema mama huyo, na mumewe anainamisha kichwa kwa tabasamu la mtu aliyelizoea somo.

Luqmani alikwenda kwa nesi Leticia kurudisha kitambulisho. Leticia hakukipokea. Alimuuliza swali moja: mteja wa kanzu pana akija, fundi husimama wapi?

"Nyuma yake," Luqmani akajibu. Na hiyo ndiyo desturi ya kibanda: mteja huelekea dirishani, fundi hupima kwa nyuma, macho hayakutani.

"Basi sema ukiwa hapo hapo," nesi akamwambia. "Na usiseme yake. Sema yako."

Kipaza sauti kikaenda kukaa juu ya kabati. Luqmani akaanza upya, nyumba kwa nyumba, kuomba radhi. Wateja walipoanza kurejea mmoja mmoja, alipima kimya, na futi ilipofika kiunoni alisema kwa sauti ya chini, "Mie nilikuwa nalo miaka tisa. Sasa sinalo." Akaendelea kupima. Kama mteja alinyamaza, naye alinyamaza. Kama aliuliza, alijibu. Kisha akaongeza ahadi: atakayekwenda kambini, suruali yake ya kwanza ufundi bure.

"Ile methali ya mficha maradhi tunaijua sote, na sijamwona aliyepona kwa kuisikia," anasema. "Suruali ya bure ndiyo ilifanya kazi."

Ilifanya kazi kweli. Nesi Leticia anasema katika kambi zilizofuata, wagonjwa wengi wa Makorora, walipoulizwa nani amewaleta, walijibu kwa neno moja: fundi. Wawili walikuja na vitambaa vyao tayari kwenye mifuko ya rambo. Katika miezi kumi na minne, wateja kumi na sita kati ya kumi na saba walifanyiwa upasuaji.

Aliyebaki ni Mwinyijuma.

Mzee huyo alikuwa rafiki wa baba yake Luqmani, na kununa kwake kulikuwa msiba ndani ya kibanda. Mara tatu Luqmani alikwenda kumwomba radhi akakuta mlango umefungwa. Mara ya nne alikwenda na madafu mawili. Wazee wengi wa pwani huamini kuwa busha huletwa na maji ya dafu, jambo ambalo nesi Leticia anasema halina ukweli wowote, na Mzee Mwinyijuma, mpenzi wa madafu tangu utoto, alikuwa hajayagusa kwa miaka ishirini.

Luqmani aliketi barazani, akalikata la kwake na kulinywa lote, bila haraka. La pili akaliacha kwenye mkeka.

"Shikamoo ami. Nimekukosea," alisema kuelekea mlangoni. "Sikuja kukupima. Nimekuja kunywa dafu tu."

Mzee hakufungua, lakini dafu hakulitupa. Siku moja kabla ya kambi ya mwisho kufungwa, alitokea kibandani jua la saa sita.

"Nipime suruali," alisema.

"Ami, kwa leo suruali haipimiki."

"Basi nipeleke nikapimike."

Walikwenda pamoja, na siku ya kutoka hospitali, kitu cha kwanza mzee alichoagiza kilikuwa dafu.

Hiyo ilikuwa miezi miwili iliyopita. Leo suruali imekamilika, imebaki pindo tu. Na fundi naye ana safari. Mwezi ujao anakwenda Geneva, mmoja wa mabalozi kumi na wawili kutoka nchi mbalimbali, kusema kwa dakika tano mbele ya wanaopanga fedha za dawa na upasuaji. Atasema Kiswahili, mkalimani atafasiri. Anachoomba ni kambi zifike hata vijijini, kuanzia Tongoni, ambako anasema kuna mafundi wenye karatasi kama yake chini ya mito yao. Yake anataka kuichana mwenyewe akirudi, na Zuwena ameshaiwekea nafasi jikoni, chini ya kuni za maandazi.

Hotuba ipo mezani, imeandikwa kwa kalamu kwenye karatasi ya daftari la vipimo. Mzee Mwinyijuma, aliyerudia kanzu yake akingoja pindo lishonwe, anaichukua na kuisogeza mbali na macho ili aione.

"Humu umeniandika vipi?"

"Nimeandika 'mzee mmoja wa mtaani kwetu'."

"Mzee mmoja nani? Watajuaje kuwa ni mie?"

Luqmani anaacha kukanyaga pedeli. "Ndiyo wasijue, ami. Mwaka juzi sikukutaja, na bado ukanihama."

"Mwaka juzi ulinisema bila kuniuliza," anasema mzee. "Leo mie ndiye nakutuma."

Machozi yanamlenga fundi, na hayafichi. Anachukua kalamu, anakata "mzee mmoja", anaandika juu yake polepole. Kisha anamaliza pindo, anakata uzi kwa meno, na mzee anavaa.

Swala ya Ijumaa imekaribia, na msikiti upo nyuma ya kibanda, hatua chache. Mzee Mwinyijuma anachukua njia ya mbele, ya barabara kuu, yenye wauza kahawa na macho mengi. Akifika kwenye kona anasimama, anageuka, na kuita kwa sauti ambayo mtaa mzima unaisikia.

"Fundi. Na Uweso uliandike. Kina Mwinyijuma tuko wengi."