Supu Kali ya Mama Vioo

Kazini hakuna aliyembabaisha Mama Vioo. Alikata kioo cha dirisha huku akibishana na mteja, na kioo kikakatika palepale alipotaka. Lakini nyumbani, mbele ya binti wa mumewe, alikuwa hajui hata aweke wapi mikono.

Binti alilelewa na bibi yake. Bibi alipofariki, baba mtu, dereva wa lori, akamleta kwa mke wake mpya, akashusha begi mlangoni, na keshoye akarudi barabarani. Wanaume bwana! Wakabaki wawili wakiitana "anti" na "mwanangu", kwa adabu kama watu waliokutana kwenye foleni ya benki. Mama Vioo hakuzaa. Alimtaka sana mtoto huyu, ila hakujua anaanzia wapi.

Akaona dawa ni sufuria. Jumamosi akachemsha mifupa tangu asubuhi mpaka uboho ukatoka, akatia maharage, nyama ya kusaga, nyanya za kutosha, na pilipili zake, maana bila pilipili yeye anaona hajala. Supu ikawa nzito, kijiko kinasimama. Binti akaonja, akatoa macho.

"Duh! Anti, hii kali!"

Mama Vioo akanywea. Mtoto wa watu kamuunguza ulimi siku ya kwanza! Jumamosi iliyofuata akapunguza pilipili. Binti akala, kimya. Akapunguza tena. Binti akabakiza nusu bakuli, akasema ameshiba. Mama Vioo akampigia mumewe simu.

"Mbona hukuniambia mwanao hawezi pilipili?"

"Nani? Yule alikuwa anazitafuna na bibi yake kama karanga!"

"Sasa mbona ananilalamikia?"

"Mke wangu, hapo mimi simo. Muulize mwenyewe."

Ndiyo kwanza akazidi kuchanganyikiwa. Kama pilipili anaziweza, basi asichokiweza ni nini? Mpishi? Usingizi ukamruka. Akaamua kuziondoa zote, na chumvi akaipunguza kwa hofu tu. Supu ile hata yeye mwenyewe aliimeza kama dawa. Binti akanywa vijiko vitatu, akainuka, akaenda kujifungia chumbani.

Kesho yake mchana, Mama Vioo akimenya karoti, binti akasimama mlangoni mwa jiko.

"Anti, nimekukosea nini?"

"Mimi? Hujanikosea kitu, mwanangu."

"Siku ya kwanza ulinipikia kitu kali, nikakusifia. Toka hapo kila nikikaa mezani naletewa maji. Kama nimekuchosha, niambie tu. Begi nimeshafunga."

Mama Vioo akaweka kisu chini.

"Ulinisifia? Si wewe uliyesema kali? Nimetoa pilipili zote, nakula chakula cha mgonjwa kwa ajili yako!"

"Si kali ya pilipili, anti. Kali... yaani tamu. Tamu balaa. Kila mtu anasema hivyo!"

"Kila mtu nani? Mimi ninavyojua, kali ni jua na mbwa!"

Binti akaangua kicheko, na kabla hakijaisha kikageuka kilio. Mama Vioo hakujua amcheke, amgombeze au amkumbatie. Akajikuta anauliza swali ambalo halikuwa hata na maana.

"Na hilo begi, ulikuwa unaenda nalo wapi?"

Binti akajifuta pua kwa kiganja.

"Sina pa kwenda. Nilitaka tu, nikifukuzwa, nisichelewe kutoka."

 Mama Vioo akaacha karoti zake, akaenda chumbani, akapiga magoti mbele ya begi, akaanza kutoa nguo moja moja na kuzipanga kabatini. Alipofika kwenye soksi, machozi yalikuwa yamemjaa hata haoni ipi na ipi.