Wimbo wa mama mkwe wangu umekuwa wa kumzomea

Admin, naomba unifichie jina, watu wa Rujewa tunafahamiana sana.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na sita, nina watoto watatu, na naongoza kikundi cha sanaa za maigizo hapa Mbarali. Mimi ni Msangu wa hapa hapa. Mume wangu ni Msukuma, wazazi wake walihamia huku na ng'ombe wao yeye akiwa mdogo. Baba mkwe alipofariki, mama mkwe akaja kuishi kwetu. Jamani, yule mama alinipenda. Nikijifungua alinikanda yeye, nikisafiri na kikundi anabaki na watoto, hajawahi kuninung'unikia hata siku moja.

Mwaka jana kikundi chetu kilipata ufadhili kutoka shirika moja lenye ofisi Iringa. Walikuwa wanatafuta wasanii wa kuelimisha jamii kuhusu mabadiliko ya tabianchi. Tulilia kwa furaha, maana miaka yote tulikuwa tunaigiza kwenye harusi na mikutano ya kijiji kwa kupewa soda. Nikaandika igizo kuhusu Mto Ruaha kukauka kiangazi. Ndani yake kila mtu alikuwa na lake: mkulima wa mpunga anayechepusha maji usiku, mfugaji anayeingiza ng'ombe bondeni, na mvua zenyewe ambazo siku hizi hazieleweki. Mwishoni mkulima na mfugaji wanakaa pamoja.

Mama mkwe ndiye aliyenipa wimbo wa mfugaji. Ni wimbo waliouimba walipokuwa wanaswaga ng'ombe kutoka kwao kuja huku, wakitafuta malisho baada ya ukame. Alinifundisha jioni jikoni, mstari kwa mstari, na nikikosea matamshi anacheka mpaka anajifuta machozi. Akatupa na fimbo ya marehemu mume wake ya kuigizia.

Tulipopeleka igizo Iringa, afisa wa mradi akasema ni refu na halieleweki. "Dada, watu wanatakiwa watoke pale wanajua nani anaharibu mto," akaniambia. Sehemu ya mkulima ikatolewa yote. Nikamwambia, "Kaka, hapa utawachonganisha watu." Akajibu kwamba wageni rasmi wengi wana mashamba ya mpunga, tusiwakwaze, na igizo lisipopitishwa mradi unasimama. Nilibishana naye mpaka wenzangu wakaanza kunivuta nguo. Mwisho nikakubali.

Onyesho la kwanza lilikuwa Madibira. Nilimsihi mama asije, nikamwambia ni mbali, atachoka. Akasema, "Wimbo wangu uimbwe halafu mimi nikae nyumbani?" Akaja na kitenge chake cha kanisani, akawekwa viti vya mbele. Wimbo ulipoanza akapiga makofi. Kijana aliyeigiza mfugaji akaanza kuongea kwa lafudhi ya Kisukuma, anajikwaa, anafukuza ng'ombe ndani ya maji kama mtu asiye na akili. Uwanja mzima ukacheka. Mwanaume mmoja akapaza sauti, "Ndio hao waliomaliza maji, warudi kwao!" Niliona makofi ya mama yanasimama hewani. Akainuka taratibu. Mwanamke wa nyuma yake akamwambia, "Bibi, kaa uangalie, si ni yenu hii?" Mimi nilikuwa jukwaani, nina maneno ya kusema, na niliyasema.

Niliporudi nyumbani nikamkuta anafunga nguo zake. Nikapiga magoti. Hakunigombeza. Alisema tu, "Mwanangu, nilikupa wimbo uimbe. Sikukupa ili watu wanicheke." Asubuhi akaondoka kwenda kwa wifi yangu Uyole.

Nimemfuata Uyole mara mbili. Ananipokea, ananipikia, anauliza watoto wanaendeleaje. Nikimwomba arudi ananiuliza, "Nitarudije, mama? Nikienda sokoni huko wataniimbia." Na ni kweli. Watu walirekodi, wimbo umesambaa kwenye simu, vijana wakimwona mfugaji yeyote anapita wanauimba kwa kumzomea. Binti yangu wa darasa la nne ameimbiwa shuleni mpaka amekataa kutumia jina la ukoo wa baba yake. Hata nikiacha kuigiza leo, nitawafunga watu wangapi midomo?

Sasa wafadhili wameiona video na wameipenda, hasa ile sehemu ya wimbo. Wanataka igizo lionyeshwe Mbeya mjini mbele ya wageni wakubwa na lirekodiwe upya. Nilimpigia afisa nikamwomba turudishe igizo la mwanzo, au hata tuutoe wimbo tu. Akasema kilichopitishwa kimepitishwa, nikijitoa kikundi kizima kinatoka. Nikawaeleza wenzangu. Dada mmoja ambaye mradi huu ndio unaomsomeshea mwanae akaniambia, "Kwa hiyo kwa ajili ya mkweo sisi wote turudi vijiweni?"

Mume wangu hajanipiga, hajanitukana. Angenigombeza ningejua pa kuanzia. Anakula, analala, ananiaga akitoka. Juzi ndipo akasema, "Mama watoto, sikukatazi kazi yako. Ila ukipanda lile jukwaa la Mbeya, mimi na watoto tutakuwa Uyole kwa mama." Kutoka Uyole mpaka uwanja wa onyesho ni safari fupi tu. Watanisubiri huko, na mimi nitakuwa nacheza.

Gari la ofisi linakuja kutuchukua wiki hii. Wenzangu wameshapiga pasi mavazi. Nimekaa kitandani na simu, nimeandika ujumbe wa kujitoa nikaufuta, nikaandika tena nikaufuta.

Ndugu zangu, najua wengine mtanisema, semeni, lakini mkimaliza mnisaidie. Nikienda nampoteza mama na nyumba yangu, nisipoenda nawanyima wenzangu mkate na wimbo bado uko mitaani. Mimi akili yangu imefika mwisho. Niambieni, niende au nibaki?