Mathe Aliyenionyesha Nyumba Kamere

Najua mtasema nini. Nilikuwa na mimba ya miezi saba, jua lilikuwa kali, na tangu asubuhi nilikuwa nimekunywa chai tu. Yote hayo ni kweli. Lakini mathe niliyemkuta nyuma ya nyumba ile pia ni kweli, na nitawaeleza vile ilivyokuwa bila kuongeza chumvi.

Wakati huo mimi na mume wangu, Barasa, tulikuwa tunakaa Karagita, chumba kimoja, mlango unafungukia kwenye korido. Dirisha hakuna. Jirani akiwasha jiko la makaa, sisi ndio tunakohoa. Mimi hupanga maua kwenye shamba moja kando ya Ziwa Naivasha, na Barasa ni askari wa geti. Mimba yetu ya kwanza ilikuwa imetoka. Hii ya pili nilikuwa nailinda kama yai, na tulikuwa tumekubaliana kwamba mtoto hatazaliwa kwenye moshi ule.

Basi kijana mmoja anayesimamia nyumba za kukodisha, anaitwa Kariuki, akaniambia kuna nyumba Kamere, vyumba viwili, imepakwa rangi juzi tu. Nikaenda Jumamosi mchana baada ya kazi. Barasa alikuwa kwenye zamu. Kariuki akanifungulia mlango, akasema, "Angalia pole pole, siz. Niko pale kwa kioski. Lakini uamue leo, kuna mwingine anaitaka."

Nilipoingia, moyo ulitulia. Dirisha kubwa, ziwa lote mbele yako, ndege, upepo safi! Ukuta ulikuwa wa buluu na rangi bado ilikuwa inanuka. Nikapima kwa hatua mahali pa kitanda. Nikamwona mtoto wangu, waziwazi, amelala pale chini ya dirisha. Mimi ni mtu wa Olenguruone, kule juu Mau. Kwetu maji hushuka, hayapandi. Ningejuaje habari za ziwa?

Ndipo nikasikia mtu anakung'uta nguo nyuma ya nyumba.

Nikazunguka. Alikuwa mama mzee, kitambaa kichwani, leso kiunoni, anaanika sweta ndogo ya shule, ya kijani, kwenye kamba. Nikadhani ni jirani.

"Habari yako, mathe?"

"Mzuri, msichana wangu. Umekuja kuangalia nyumba ama kuangalia dirisha?"

Nikacheka. Yeye hakucheka, lakini uso wake ulikuwa mpole, kama wa mtu aliyekungojea na chakula hakijapoa. Akapangusa mikono kwa leso, akanipeleka kwenye kona ya nyumba.

"Kwaruza hapa."

Nikakwaruza rangi kwa ukucha. Chini yake kulikuwa na mstari wa matope makavu, umenyooka kama umepigwa kwa rula, usawa wa kifua changu. Akaniambia niguse bloku za chini. Zilimomonyoka mkononi kama biskuti.

"Unaona ile miti iliyokauka, imesimama ndani ya maji?" akaniuliza. "Hapo tulikuwa tunapitisha ng'ombe. Sasa angalia choo hiki na kisima kile. Hesabu hatua."

Nikahesabu. Kumi na nne.

"Ziwa likipanda, vyote vinakuwa kitu kimoja. Huyo mtoto atakunywa nini?" Kisha akanionyesha nyasi zilizolala, njia pana inayotoka ziwani hadi karibu na mlango. "Hapa viboko hupita kila usiku. Uchungu ukikushika saa nane usiku, utapita wapi? Nani wa boda atakubali kukufuata huku?"

Miezi saba, na hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza swali hilo. Hata mimi mwenyewe sikuwa nimejiuliza. Nilikuwa nimeona dirisha tu.

Nikageuka kumshukuru, na hapo ndipo nilipoitazama ile sweta vizuri. Ilikuwa inadondosha maji, tone baada ya tone, bila kukoma. Lakini vumbi chini yake lilikuwa kavu kabisa. Hakuna hata alama moja.

"Mathe," nikasema, "wewe unakaa nyumba gani?"

"Hii."

"Na maji yalipokuja, ulihamia wapi?"

"Sikuhama."

Ungekuwa wewe, ungefanya nini? Mimi nilitaka kukimbia. Halafu, niamini, nikagundua kwamba siogopi. Nikakaa kwenye bloku moja iliyokuwa pale, naye akakaa kando yangu, akaniambia mambo yake bila kulalamika.

"Nilipenda jua la asubuhi linavyoingia. Sikuuliza kitu kingine. Maji yalikuja pole pole, kidole kimoja kwa siku, na kila ukilala unasema kesho yatarudi. Mwishowe nikampeleka mjukuu wangu, Wairimu, kwa shangazi yake. Alikuwa darasa la tano. Akalilia sweta yake ya shule, nami nikarudi kuichukua. Maji yalikuwa yamefunika choo. Sikuona shimo."

Akaangalia ziwa.

"Mtoto huyo anafikiri yeye ndiye aliyeniua. Ukimwona, mwambie mimi ndiye niliyechagua nyumba."

Nikasema nitamwambia. Ningesema nini kingine? Machozi yalikuwa yananitoka. Akaangalia tumbo langu, akauliza, "Naweza?"

Nikamkubalia. Kiganja chake kilikuwa baridi kama maji ya chemchemi ya kwetu asubuhi. Mtoto akageuka pale pale, kwa nguvu, kama anamgeukia yeye. Mathe akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Huyu atalala pakavu," akasema.

"Siz! Umemaliza?" Kariuki alikuwa anakuja kutoka kwa kioski. Nikamgeukia. Niliporudisha macho, hakukuwa na mathe, hakukuwa na sweta, hata kamba haikuwepo. Zilikuwepo nguzo mbili tu zenye misumari ya kutu. Na mbele ya rinda langu palikuwa na alama ya kiganja cha maji, vidole vyote vitano.

"Unaichukua?" Kariuki akauliza.

"Hapana. Maji yalifika kifuani."

Akalitazama rinda langu, na uso wake ukabadilika. Akauliza kwa sauti ya chini, "Alikuwa anaanika sweta?"

Kumbe alikuwa anamjua. Alikuwa ameupaka ukuta ule rangi mara tatu, na kila mara alimwona. "Mimi hukimbia," akakiri. "Hajawahi kuniambia kitu."

"Umewahi kumsalimia?"

Akatingisha kichwa, akafunga mlango, na tukaondoka.

Barasa alikasirika. Alikuwa ameshawaambia wenzake tunahama. "Umekataa nyumba kwa sababu ya mzimu?" Nikamwambia nimekataa kwa sababu ya mstari wa matope, na kesho yake nikampeleka akaukwaruza mwenyewe. Barasa hakumwona mathe. Lakini alisimama muda mrefu akitazama njia ya viboko, halafu akanishika mkono, akasema, "Twende tutafute juu."

Tulitafuta wiki tatu. Nyumba tuliyopata ni mbaya kwa macho. Dirisha linatazama ukuta wa jirani. Lakini tuliiendea siku ya mvua tukaona maji yanateremka yakienda zake, tukaongea na majirani wawili, tukatembea hadi kliniki kwa miguu. Uchungu uliponishika, ilikuwa usiku kweli, na boda alifika kabla sijamaliza kuvaa viatu. Binti yetu alizaliwa salama.

Mvua ndefu zilizofuata, ziwa lilipanda tena. Nyumba ya buluu ilizama hadi kwenye lile dirisha. Haikuwa na mtu. Kariuki aliniambia kila aliyeiulizia alimjibu kwamba ina mwenyewe.

Lakini nilikuwa nimeahidi kitu. Mwenye kioski kule Kamere alijua shangazi yake Wairimu anakaa Gilgil, karibu na soko. Nikaenda na mtoto mgongoni. Wairimu alikuwa amekuwa msichana mkubwa wa sekondari, mrefu, anaangalia chini akiongea. Hakuniuliza nimejuaje. Nikamwambia yale maneno ya nyanya yake kama nilivyopewa: "Cucu wako amesema yeye ndiye aliyechagua nyumba."

Akainua macho. Kisha akauliza, "Alikuwa analia?"

"Hapana. Alikuwa anafanya kazi."

Akacheka, na machozi yakamtoka papo hapo. "Basi ni yeye," akasema. Akanyoosha mikono, akaomba kumshika mtoto.

Siku hizi shule zikifungwa Wairimu huja kukaa kwetu. Na mimi nimekuwa mtu wa kuitwa. Wenzangu kazini wakitafuta nyumba, hunichukua twende wote, na hunicheka nikikwaruza kuta za watu. Wanicheke tu. Mpaka leo rangi mpya ikinuka, tumbo langu huwa baridi, mahali pale pale alipogusa.

Kwa hivyo wewe unayetafuta mahali pa kulaza watoto wako, usiende siku ya jua tu. Nenda mvua ikinyesha. Uliza watu wanaoishi pale, usimwulize mwenye kukodisha. Tembea ile njia utakayopita ukiwa mgonjwa. Na ukizunguka nyuma ukamkuta mtu anayeijua nyumba hiyo kuliko wewe, tafadhali, usikimbie. Msalimie, kisha umwulize maji yalifika wapi.