Mama Cheche Anamvusha Baba Yake

Karakana nzima ilimwita Mama Cheche. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na ukimtaka ulifuata cheche tu. Baba yake alikuwa dereva wa treni mstaafu, na tangu daraja la zamani livunjike hakuwa amepanda treni tena.

Daraja lile la mawe lilikuwa limevusha watu tangu enzi za babu zao. Mwaka wa mafuriko makubwa, mto ulichimba chini ya nguzo ya katikati, likakatika treni ya mizigo ikiwa juu yake. Mzee ndiye aliyekuwa akiiendesha. Kichwa cha treni kilikuwa kimeshagusa ng'ambo. Mabehewa ya nyuma yakaenda na maji. Mwenzake, mshika breki wa behewa la nyuma, aliopolewa mbali, yu hai, amekumbatia gogo. Mzee alipopata habari hizo alilia kama mtoto, akaapa kuwa yeye na reli basi.

Lakini binti yake mkubwa alikuwa ameolewa ng'ambo. Ikabidi mzee awe anavuka kwa mtumbwi, anafika amelowa mpaka soksi, anasema ameoga njiani.

Daraja jipya la chuma lilipoanza kujengwa, Mama Cheche akapata kazi huko. Kila jioni mzee alimsubiri mlangoni.

"Umerudi?"

"Nimerudi, baba."

"Haya, tule."

Siku treni ya abiria ilipoanza kuvuka, Mama Cheche hakumbembeleza. Alisema tu, "Naenda kwa dada. Kwa treni."

Mzee akavaa viatu. "Wewe ulichomelea wapi?"

"Katikati."

"Basi tukifika uniambie."

Magurudumu yalipoanza kuvuma juu ya chuma, mzee akafumba macho, akamshika binti yake mkono kwa nguvu. Mama Cheche naye, kila kiungo alichokichomelea kilimjia kichwani.

"Ni hapa, baba."

Mzee akafumbua jicho moja, akachungulia chini. "Mbona mto wenyewe mdogo hivi?"

Walipofika nchi kavu alishusha pumzi ndefu, kama mtu aliyetua gunia.

Kwa binti mkubwa hakungoja hata chai; usingizi ulimchukua kitini. Dada wawili wakanong'ona jikoni.

"Na kurudi je?"

"Ameshaniuliza treni ya jioni inaondoka saa ngapi."