Mustang Yangu na Mzee wa Viatu vya Tope

Kama una mpango wa kucheka, cheka sasa umalize, kwa sababu haya niliyaona kwa macho yangu mwenyewe. Sikuwa nimelewa wala sikuwa na homa. Wengine wakikutana na mizimu hurudi wakijitapa. Mimi nasimulia kwa aibu, na utaona kwa nini.

Mwaka 2015 nilikuwa na gari, Mustang ya zamani, nyeusi, ya milango miwili, iliyonizidi umri. Niliinunua huku Marekani, mjini Louisville, ikiwa mkweche, nikahamia nayo Columbus kufanya kazi ya ghala. Huko fundi mmoja, Mkongomani mwenzangu, akaigeuza kabisa: injini ya silinda nane, kabureta kubwa, breki mpya, na ekzosi ambayo ukigusa tu mafuta madirisha ya jirani yanatetemeka. Mama alikuwa akinipigia simu nioe, nami namjibu nimeshaoa. Ndani niliweka zulia jeupe. Ndiyo, jeupe! Asiyevua viatu hapandi.

Sifa zikaenea, nikawa nabeba maharusi. Novemba hiyo nikaitwa Buffalo kumbeba Neema, binti wa Kirundi ambaye mimi na mama yake tuliwahi kusali kanisa moja kule Louisville. Baba yake Neema alifia kambi ya wakimbizi, Kigoma, na kabla ya kufa alimwahidi bintiye kwamba siku ya harusi atamshika mkono hadi madhabahuni. Basi Neema hakutaka mjomba wala mchungaji achukue nafasi hiyo. Alisema ataingia peke yake. Wajomba walinuna, lakini yeye akashikilia hapohapo.

Nilifika nyumbani kwao, mtaa wa Black Rock, jioni. Saa zilikuwa zimesharudishwa nyuma, kama Marekani wafanyavyo kila Novemba, giza linaingia mapema, na harusi zetu unazijua, ya saa nane huanza saa kumi na moja. Vani zote zilikuwa zimeshaondoka na wageni. Nimekaa kwenye usukani nje, namngoja Neema na mama yake wamalizie mambo ya shela, mara mzee mmoja akagonga kioo. Nikakishusha.

Alivaa koti la kijivu lililomzidi mwili, vifungo vyeusi isipokuwa kimoja cheupe. Viatu vyake vilijaa tope jekundu hadi kwenye kamba, tope bichi kabisa. Sasa niambie, tope jekundu Buffalo linatoka wapi? Swali hilo lingenijia palepale kama ningekuwa na akili. Mimi nililiwaza zulia langu.

"Mwanangu," akasema, "nami naenda kanisani. Nimetoka mbali, miguu imechoka. Nipe nafasi hapo mbele."

Kiti cha mbele kilikuwa kitupu. Mama Neema angekaa nyuma na binti yake.

"Bon, basi mzee, gari imejaa," nikamjibu. "Ngojea hapa, vani iko inakuja."

Vani gani? Hakuna vani iliyokuwa inakuja. Nilimdanganya mtu wa umri wa baba yangu, huku nikijua kabisa, bila hata kupepesa jicho.

Hakukasirika. Aliinamia dirisha, akasema, "Basi, umwambie binti..." Wakati huohuo vijana wa mtaa, ng'ambo ya barabara, walikuwa wanapiga miluzi wakitaka niingurumishe. Nikakanyaga mafuta. Ekzosi ikalia mtaa mzima. Niliona midomo ya mzee inaendelea kusema, nami nikawageukia vijana nikicheka. Niliporudisha uso dirishani hapakuwa na mtu. Amini usiamini, barabara ilikuwa wazi pande zote mbili. Na mimi nikashukuru kwamba ameniondolea usumbufu.

Tulipofika kanisani, Neema akasimama mlangoni akivuta pumzi. Nikataka kuwachangamsha. Nikamwambia mama yake kwamba kuna mzee nusura anichafulie gari, viatu vyote tope jekundu. Akaniuliza amevaaje. Nilipofika kwenye kifungo cheupe, akashika ukuta.

"Hicho nilikishona mimi," akasema. "Cheusi kilikosekana. Tulimzika na koti hilo, mvua inanyesha."

Neema alisikia yote.

"Kaka, alisema nini?"

"Alisema nikuambie..."

"Uniambie nini?"

"Sikusikia, dada. Nilikuwa nimekanyaga mafuta."

Alinitazama, kisha akashusha shela usoni na kuingia peke yake. Mimi nilibaki nje. Nilisikia vigelegele vinaanza, na miguu ikakataa kuvuka kizingiti.

Gari nililiuza msimu huohuo kwa mtu wa kwanza aliyeuliza. Lakini Neema hunipigia simu hadi leo, ana watoto sasa. Hanilaumu. Afadhali angenitukana nikajua moja! Huniambia kwa upole, "Kaka, kumbuka midomo yake ilivyokuwa inacheza. Labda leo utajua alisema nini." Nafumba macho. Midomo naiona vizuri, na ninachosikia ni injini.

Basi wewe unayenisikiliza, lipende gari lako, lipambe utakavyo, siyo dhambi. Ila mtu mzima akiinamia dirisha lako, hata kama humjui, hata kama viatu vyake vinakutisha, zima injini kwanza. Zima kabisa, umsikilize mpaka amalize.