Nilitoa ushuhuda kanisani kwa kazi ambayo mjukuu wangu hakuwa nayo

Wakuu, ni mwaka huu huu, unga ulipopanda tukala ndizi za kuchemsha asubuhi na jioni, mpaka watoto wakinusa sufuria wanakimbia.

Siwadanganyi hata neno moja. Natamani ningekuwa nadanganya.

Nina mjukuu, Mokaya, nimemlea mimi. Ni fundi wa mawe. Ukuta wake hata ng'ombe ajikune hapo, hautikisiki.

Lakini mjengo ulikauka huku Ekerenyo. Watu waliacha nyumba kwa msingi, nyasi ikamea ndani. Fundi wangu akabaki kuchuma majani chai na sisi wamama.

Ndipo serikali ikaleta project ya soko. Tukaambiwa mafundi wa hapa ndio watajenga, vijana wapate kazi.

Mokaya akaitwa! Siku ya uzinduzi akavalishwa helmeti na jaketi ya kung'aa, akapigwa picha ameshika jiwe, wakubwa nyuma yake wanacheka.

Mimi sikungoja. Sabato nikasimama mbele ya kanisa: "Mjukuu wangu ameandikwa kazi na serikali!" Nikapiga vigelegele. Jumapili nikachinja jogoo, na hiyo njaa yote.

Kumbe picha zilipoisha waliwavua helmeti wote. "Mtapigiwa simu."

Mokaya hakuniambia. Kila asubuhi alitoka na mwiko wake wa ujenzi, akakaa mtoni mpaka jioni, ili mimi nisiaibike.

Niliambiwa na wamama pale tunapouzia majani chai, ambao huniita Magokoro, yaani nyanya. "Magokoro, huyu mtu wa serikali anajengea samaki nyumba?"

Wakacheka. Nikaweka kikapu chini, nikakosa pa kuweka uso.

Juzi mzee wa mtaa amekuja. "Magokoro, wale wakubwa wa soko wanarudi. Wewe una mdomo mzuri. Simama ushukuru serikali kwa kazi, Mokaya atakumbukwa."

Mokaya alikuwa hapo, akaangalia chini.

Nikasema: "Siji. Aliyepata kazi ndiye aje ashukuru."

Mzee akasema: "Magokoro, unamfungia kijana mlango."

Hilo neno limenikaa kifuani, sidanganyi. Pengine ni kweli.

Nilichojifunza: usipige vigelegele kabla ya mshahara wa kwanza. Hao wa picha walimdanganya siku moja. Kiburi changu ndicho kilichomkalisha mtoni siku zingine zote.

Nyinyi wenye watoto kwa mjengo, mngefanyaje? Hata mkinitukana nitasoma.

Lakini mzee wa mtaa amesema atapita tena, na akipita atasikia hivi:

"Siji. Aliyepata kazi ndiye aje ashukuru."